Mgongo wa Velda Tidmore

...na hilo paja la kuku atalipindua mara ngapi huyu mzee, jamani, analiinua kwa uma, analitazama huku, analitazama kule, kama anamtafutia mwanawe mchumba, analirudisha, anachukua kidari, nacho anakirudisha, na foleni nzima ya kanisa la Shady Fork imeganda nyuma yake kwenye jua la mwezi wa tano, sahani mkononi, matumbo yananguruma, na nani atamwambia mjomba Purvis songa, mjomba Purvis ana miaka tisini na moja na kaanza kuimba besi hapa kabla hii meza ya saruji haijamwagwa zege, akitaka kuchagua kuku mpaka Krismasi ataachiwa achague, na Velda yuko watu watano nyuma yake, kasimama mbele ya sinia la mayai ya kujaza, miaka sitini na miwili, buti ndefu miguuni, kijiko hewani, na hapa ubavuni, karibu kabisa na sikio, Wendell na kile kidaftari chake, "Basi nikuandike, dada, au nisikuandike?"... swali hilo, na anayeuliza nani, Wendell mtoto wa baba mkubwa, huyu huyu aliyekuwa anakojoa kitandani mpaka darasa la nne, wakilala wanne kitanda kimoja kwa bibi, asubuhi wote wananuka Wendell, leo ndiye mpanga majina, penseli nyuma ya sikio, leo ndiye wa kusema nani aitwe katikati akaongoze wimbo na nani abaki kwenye benchi anameza mate, loo, ishi uone, na bado anangoja, anatabasamu kama mtu mwenye jino bovu, "Nafasi ninayo, ya kwanza kabisa baada ya chakula, ila ndiyo hivyo, kale kaneno." Kaneno! Eti kaneno. "Kadogo tu, dada Velda, unasimama, unasema umefurahi kurudi nyumbani, unasema yale mambo ya magitaa na mabaa umeshayaacha, watu wanaitika amina, unataja ukurasa wako, unaongoza, yamekwisha, tunakula keki." "Kakutuma nani?" "Wazee." "Wazee gani, Wendell?" "Wazee, dada, wazee, sasa nianze kutaja majina kama mahakamani?"... na Velda hahitaji kutajiwa, anamwona pale mwisho wa meza, chini ya mwaloni, kwenye kiti cha kukunja, shati jeupe limefungwa vifungo mpaka kooni na joto lote hili, kile kitabu cha nyimbo kirefu cha kulala ubavu kiko mapajani kimefungwa, kiganja juu yake kama anakizuia kisiruke, Royce Tidmore, baba yake mzazi, miaka themanini na minane, mtoa sauti wa Shady Fork tangu dunia haijakauka, maana hapa hapana kinanda, hapana ngoma, hapana hata filimbi, ni koo la huyo mzee tu linatoa sauti moja hivi, mmmm, na watu themanini wanaipanda kama ngazi, na huyo mzee tangu asubuhi kamwambia binti yake neno moja, "Umefika," wala si swali, kalisema vile mtu anavyosoma kibao cha barabarani, umefika, kisha kageuka zake kwenda kukaa benchi la teno.

Haya, nimefika, sasa?... hivyo ndivyo alivyotaka kumjibu, na hakumjibu, maana walikuwa wanaanza, na leo walianza na marehemu wa mwaka, majina kumi na moja, Wendell anasoma kwa ile sauti yake ya kutangaza mnada, na la tisa lilikuwa Hoyt Edsel Tidmore, Hoyt wetu, kaka yake Velda wa damu, mpiga gitaa wa bendi ya Velda, aliyezimika mwezi wa kwanza kwenye gari lake nje ya duka la vifaa, gari linanguruma, mkono kwenye gia, moyo tu umesema basi, na jina lake limeingia kwenye kitabu cha kumbukumbu cha Shady Fork baada ya miaka yote hiyo, limeingia kwa mlango wa nyuma, upande wa waliokufa, na Velda alikaa kwenye benchi la alto akaona kitu kimemkaa rohoni kama mwiba wa samaki, kwamba hawa watu kila mwaka wanaandika, nani kaongoza, ukurasa gani, tangu enzi za babu yake aliyekuwa anazunguka na nyumbu milima hii yote anafundisha watu kuimba, kila jina limo, la kilema limo, la mlevi limo, la yule mwizi wa ndama limo mara kumi na saba, na la Velda mara ya mwisho liliandikwa akiwa na miaka ishirini na mmoja, na kama hawezi kusimama leo basi litaandikwa tena siku Wendell atakapolisoma kama la Hoyt, kwa sauti ya mnada, yeye hasikii... hapana, weee, hapana, anataka aandikwe akiwa anapumua, anataka lile jina likiandikwa yeye awe anatafuna kuku.

"Dada, foleni." Foleni gani, haijasogea, ni shangazi Ouida tu kasogea nusu hatua, shangazi Ouida dada yake baba, watu wawili mbele, kofia ya majani, mdomo hauna breki, anamwambia Nadine jirani, "...mafuta ya nguruwe, Nadine, si hayo ya chupa, ukitia ya chupa maharage yanakuwa kama dawa ya tumbo, marehemu Inez alikuwa anajua..." Inez, mama, alto ya mama ilikuwa kama mtu ananoa kisu kwenye jiwe, ikikupiga sikioni unakaa wima hata kama unasinzia, watu wa mjini wakiisikia wanasema mbona hawa wanapiga kelele, kelele, hao hao baadaye walikuja kulipa kiingilio kuisikia ikitoka kwenye koo la Velda, wakaandika magazetini ati sauti ya kutisha, ati katoa wapi, katoa wapi! katoa jikoni, kwao mtoto alijua maumbo ya noti kabla ya herufi, pembetatu ni fa, duara ni sol, mraba ni la, na ile almasi ni mi, chakula mezani huli mpaka mmeimba, Hoyt alikuwa anaimba besi huku jicho liko kwenye mkate wa mahindi, na baba anapiga mkono juu, mkono chini, wimbo kwanza kwa maumbo, fa sol la, halafu ndiyo maneno, huwezi kuruka, umbo kwanza, ukijua njia ndiyo ubebe mzigo, alivyokuwa anasema, ukijua njia ndiyo ubebe mzigo... halafu leo mtu huyo huyo anataka Velda asimame aseme nimeacha, ameacha nini, mtoto wa nyoka ni nyoka, ukizaa nyoka ukamfundisha kuuma usije ukalia umeumwa.

Na kosa lilikuwa lake, sawa, hakatai, hajawahi kukataa, ila kosa ni moja na adhabu ni maisha, mwezi wa tano kama huu, yeye ana miaka ishirini na mmoja, miezi sita yeye na Hoyt wanaimba Gadsden kwenye baa moja karibu na kiwanda, Ijumaa na Jumamosi, moshi mpaka machozi, na Jumapili hiyo akaja hapa na buti mpya nyekundu, wakamwita, Velda Tidmore, akaingia katikati, na pale katikati kila mtu aliyezaliwa milima hii anajua, hata paka wa kanisa anajua, mabenchi yako pande nne yanatazamana, hakuna jukwaa, hakuna watazamaji, aliyekuja kaja kuimba, na anayeongoza anawatazama teno, basi, uso kwa teno, mkono juu, mkono chini, lakini Velda aliona mlangoni wamejazana vijana wa Gadsden waliomfuata, sita saba, wamevaa jinsi, wanachungulia, na buti zikageuka zenyewe, ndiyo, buti, kawapa teno mgongo, kamwonyesha mgongo baba yake aliyekaa benchi la mbele kabisa, kawatazama wale wa mlangoni, kafumba macho, kaimba kama yuko Gadsden, na watu walipomaliza yeye hajamaliza, ile noti ya mwisho kaishika, kaivuta, kaisokota, peke yake, hewani, kanisa zima kimya linamsubiri atue... na alipofumbua macho wale wa mlangoni wakapiga makofi. Makofi! Shady Fork! Hapa hawapigi makofi hata malaika akishuka. Na baba nyuma ya mgongo wake akasema taratibu tu, "Binti, hapa hakuna wa kutazama," akafunga kitabu, pa, akatoka nje, na Velda akatoka mlango mwingine, Hoyt akamfuata na funguo za gari, na hii meza hii hii ilikuwa imeshaandaliwa, kuku, maharage, ile pudini ya ndizi ya shangazi Ouida, wakapita nayo pembeni hawakugusa, njaa ikawauma mpaka mto Tennessee, na Hoyt anaendesha anasema, "Kwani ungekufa ungewatazama teno, kisha tule, kisha ndiyo tukimbie?" Hoyt bwana! Kila kitu tumbo.

Arobaini na moja, hiyo miaka, na hakuna mtu wa kumwambia Velda kuwa ilikuwa ya uhuni, atakayesema aje hapa aseme na hiki kijiko kinamsubiri, bendi waliiita Tidmore, basi, jina la nyumbani, kwani waliiba, waliliandika kwa rangi ubavuni mwa basi lao, walianzia juu ya trela la mkulima kwenye sherehe ya karanga Dothan, mvua inanyesha, nyaya zinarusha cheche, Hoyt kavaa mifuko ya nailoni miguuni, na mwaka wa nne ukaja ule wimbo wa gari moshi, ukapigwa redioni mpaka ng'ombe wakaukariri, na yule bwana wa kampuni ya rekodi aliyemwambia Velda shusha pua kidogo, unaimbia puani kama bibi wa mlimani, akamjibu, "Mimi ni bibi wa mlimani, nimekuwa bibi tangu nina miaka sita, andika hivyo kwenye mkataba," halafu akamletea sketi fupi ya ngozi, akaivaa Hoyt, wee, Hoyt kaivaa akaingia nayo ofisini na miguu yake ya mbuzi, ofisi nzima chini, habari ya sketi ikaishia hapo... na siku ile ya promota aliyetandika nyuma ya jukwaa ile bendera ya wale waliopigana ili watumwa wabaki watumwa, ati ndiyo watu wa kusini wanaipenda, na mpiga ngoma wao ni Thaddeus Pruitt, mtu mweusi, mtoto wa mchungaji wa Selma, miaka thelathini wanakula sahani moja, Velda akasema, "Hiyo ishuke," promota akasema watu wataondoka, akasema, "Na waondoke, barabara si ni ya serikali," akapanda ngazi mwenyewe na buti akaing'oa, na nusu ya watu kweli waliondoka, na waliobaki waliimba mpaka wadudu wa taa wakaondoka, na Thaddeus hakusema asante, alisema tu, "Ngazi ile ilikuwa mbovu, ungeanguka nani angeimba," ...haya ndiyo ya kuyaacha? Ndiyo haya asimame aseme amina nimeyaacha? Na Alhamisi hii basi linaondoka, Ijumaa wako Chattanooga, mara ya kwanza bila Hoyt, tiketi zimeisha, Thaddeus na magoti yake mabovu keshapanga ngoma, halafu leo Jumapili yeye aseme mbele ya Mungu na mjomba Purvis kwamba hayupo tena huko? Uongo kanisani, ili aandikwe? Bora afe hajaandikwa.

"Kaneno tu, dada," Wendell, nzi wa kinyesi, hajaondoka, "mbona unakafanya kakubwa," na Velda anatia yai moja kwenye sahani, taratibu, ili mkono usije ukafanya kingine, "Wendell, unajua mimi nimewahi kumpiga mtu na stendi ya maiki?" "Nimesikia, dada." "Jackson, Mississippi." "Nimesikia ilikuwa Tulsa." "Tulsa ni mwingine." Na Wendell anacheka, hajui acheke au asogee, anacheka huku anasogea, Tulsa... Tulsa ndiko koo lilikokatika, katikati ya ule wimbo wa gari moshi, sauti ikapanda kama kawaida, ikafika pale juu kabisa, ikapasuka kama sahani, watu elfu nne, akabaki kafungua mdomo kama samaki, na Hoyt akaziba pengo kwa gitaa, dakika nne nzima, mpaka vidole vikatoka damu, na magazeti hayakuandika koo, yaliandika kile chao cha siku zote, mgongo, kwamba Velda Tidmore kaanza tena onyesho kawapa watu mgongo, maringo, kiburi, maana ndivyo anavyofanya, kila usiku wa maisha yake, wimbo wa kwanza anawageukia kina Hoyt na Thaddeus, kawapanga nusu duara nyuma, anawatazama wao, mkono wa kulia unapanda unashuka, na watu nyuma yake wanapiga kelele geuka Velda, geuka, na hageuki mpaka wimbo uishe, watu wa magazeti wamemwuliza, "Kwa nini huwa hivyo?" anasema, "Kwa sababu ndipo nilipotaka kutazama," na kweli hajui zaidi ya hapo, mwili unakwenda wenyewe, akijaribu kuanza kwa kuwatazama watu sauti haishuki mahali pake, inaelea, ni kama kukaa kwenye kiti cha mtu...

"...kwenye gari, Nadine, si ndani, ndani Inez alikataza, alisema nyimbo zile hazipigwi chini ya paa langu, na Inez kafa mwaka wa kumi na mbili sasa, bado mzee hazipigi ndani," shangazi Ouida huyo, sauti anadhani anaishusha, ile sauti ya chini ya shangazi Ouida inasikika mpaka Georgia, "anakwenda kwenye banda, anakaa kwenye lile gari lake bovu, anapandisha vioo, joto hilo, anapiga kaseti, mimi nampelekea chai ya barafu namkuta jasho linamtoka kama farasi, namwambia Royce utafia humu, ananiambia sikiliza, Ouida, sikiliza, huyu Hoyt kauanza wimbo juu mno, angeshusha kidogo tu, kidole kimoja, huyu mtoto anaumia koo..." Mtoto. Miaka sitini na miwili. Mtoto... kijiko kimesimama hewani, yai limekaa juu yake, kaseti, kaseti gani, kaseti zimekufa tangu lini, ina maana kanunua zikiwa bado zinauzwa, ina maana alikwenda dukani, Royce Tidmore na shati lake la vifungo mpaka kooni, akasimama mbele ya msichana wa dukani akasema nipe ile ya wimbo wa gari moshi, akafunga kwenye mfuko... na juu mno! Kumbe juu mno! Na ni kweli, mzee shetani we, ni kweli kabisa, iliwachukua yeye na Hoyt na daktari mmoja wa Nashville miaka ishirini na koo lililopasuka kujua kuwa wimbo ule ulitakiwa kushuka, na kulikuwa na mtu kwenye banda, vioo juu, alijua tangu kaseti ya kwanza, mtoa sauti, hawezi kuacha, ukimzika atasema jeneza limeanzwa juu.

"Na alimwona kwenye televisheni kwangu, mwaka ule wa maonyesho ya mwaka mpya," Ouida bado, Mungu ampe Ouida maisha marefu na mdomo huo huo, "mimi namtupia macho, maana najua hasira zake, yule binti katokea, kawapa watu mgongo kama kawaida yake, nikasema leo runinga yangu inavunjwa, Royce akasogeza kiti, akatazama weee, akasema, 'Sasa amegeuka vizuri.' Basi. Akala keki yake. Nikamwuliza vizuri vipi, kawapa watu mgongo, akasema, 'Watu ndio nini, tazama anamtazama nani.'"

...

Sasa amegeuka vizuri... na pale kwenye foleni, kwenye jua, mkono wa kulia wa Velda, ulioshika kijiko, unapanda kidogo, unashuka kidogo, wenyewe, na anautazama kama mkono wa mtu mwingine, juu, chini, huo huo, wa Gadsden, wa Dothan, wa Tulsa, wa miji mia tatu ambayo hakumbuki majina, juu, chini, na nyuma yake watu wanapiga kelele geuka, na mbele yake Hoyt aliyekuwa anaimba besi akiwa na jicho kwenye mkate, na Thaddeus mtoto wa mchungaji, kawapanga, kumbe kawapanga, miaka arobaini na moja kila usiku kabla ya kuwapa watu chochote anasimama kwanza katikati anawatazama teno, anarekebisha kosa moja la buti nyekundu, usiku mmoja mmoja, na hakuna aliyeona, si magazeti, si kampuni, yeye mwenyewe hakuona, kaona yule mzee kwa mbali, na keki mdomoni... na hajasema! Arobaini na moja! Ungekufa ungesema, baba, angalau kadi ya Krismasi, na wewe Velda je, ulipiga simu ukauliza, ulikuja hapa hata mara moja isipokuwa kwenye mazishi, umekaa huko unajiambia hawaniiti, hawaniiti, nani anaitwa hayupo, waite benchi tupu? Lo, familia hii, wanaweza kuimba sauti nne bila kinanda na hawawezi kuulizana hujambo... na kicheko kinakuja, kinapanda toka kwenye buti, anakibana, kinatokea puani, pua ile ile waliyotaka kuishusha, mpaka Nadine anageuka kutazama nani kapaliwa.

Na kaneno kale si ka baba. Hilo sasa liko wazi kama maji ya kisima, mtu anayepandisha vioo asikilize kaseti kwenye joto la shetani hatumi Wendell akasema sema umeacha, hiyo ni ya Wendell, Wendell na yule mchungaji mpya wa miwani, wamekaa wakaipika, wazee, wazee, wazee gani, mzee yuko pale chini ya mwaloni, kitabu mapajani, na tazama, tazama kidole, kile cha shahada, kimo ndani ya kitabu, kitabu hakijafungwa, kidole kimewekwa kwenye ukurasa, na Velda kwa macho yake ya kuonea mbali ambayo hayasomi hata menyu anauona unene wa karatasi upande huu na unene upande ule na anajua ni wapi, kama unavyojua ngazi za nyumbani gizani, ni ule ukurasa, wa mia mbili na sita, ule ule wa buti nyekundu, kausubiri au kaukumbuka tu au kalala na kidole kimenasa, hatajua, hatauliza, ndiyo familia hii, lakini atasimama. Atasimama na hataomba radhi ya Gadsden wala ya Dothan wala ya sketi ya Hoyt wala ya bendera aliyoing'oa, na Ijumaa atakuwa Chattanooga atawapa watu mgongo kama kawaida na atafute pale Hoyt alipokuwa anasimama na apatazame hivyo hivyo patupu, aimbe, na leo baada ya kuku ataingia katikati ya watu themanini na buti zake, nyeusi hizi, na uso kwa teno, na atamwangalia mzee yule machoni, na mzee akitoa sauti juu mno Velda atamwonyesha kwa kidole, shusha, baba, shusha kidogo, mtoto anaumia koo.

"Dada, basi niseme nini kwa wazee?" Wendell, penseli imeshatoka sikioni, jasho juu ya mdomo, maskini, aliyekuwa anakojoa kitandani, na Velda anashusha yai lile kwenye sahani yake, polepole, linakaa karibu na lenzake, na anafungua mdomo, na kabla ya neno lolote kinachokuja kwenye ulimi ni umbo, mraba, la, umbo kwanza, "Mia mbili na sita," anasema, "na uandike jina zima, Wendell, Tidmore, ti, i, di, kama lilivyo ubavuni mwa basi," "Na kaneno?" "Kaneno kale wewe, kanaenda vizuri na maharage"... na mbele, watu watano mbele, mjomba Purvis anainua lile paja la kuku, analitazama huku, analitazama kule, analirudisha.